Salamu za Mwalimu Jairo

Mwalimu Jairo alikuwa na kila sifa ya kutufundisha kompyuta isipokuwa moja: hakuwahi kuamua atufundishe lugha gani. Sisemi Kiswahili wala Kinyakyusa. Nasema zile lugha za kuiandikia kompyuta maagizo, ambazo ni nyingi, na kila moja ina mashabiki wanaobishana kuliko wa Simba na Yanga.

Alirudi na shahada yake kutoka Mbeya mjini, Mchungaji Nsajigwa akamwazima chumba cha kwaya cha kanisa letu pale Makandana. Sharti lilikuwa jepesi. Mwisho wa muhula wazazi waje waone tunachoweza. Wakiridhika darasa libaki, wasiporidhika sisi wa kwaya turudishiwe chumba chetu. Jairo alilipenda lile darasa hata akakataa kazi ya ofisini kwa ajili yake.

Tulianza na Python. Somo la kwanza la lugha hizi ni kuiamuru kompyuta iandike "Habari, dunia". Tukaandika, tukapigiana makofi. Baada ya wiki mbili mwalimu akaingia amenuna: amesoma mahali kwamba Python inawadekeza wanaoanza. Tukahamia Java. Habari, dunia. Java nayo ikaonekana ina maneno mengi kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, tukashushwa mpaka C, eti tujue msingi. Habari, dunia. Kisha JavaScript, kwa sababu ndiyo yenye ajira. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, programu ya kuwajulisha wateja wangu kwamba parachichi ziko tayari. Nilipomwambia, alinitazama kwa huruma.

"Dada Felista, usiwe na haraka. Ukianza na lugha mbaya, utaharibika moja kwa moja."

Nilikasirika, lakini nilirudi. Wote tulirudi, na matope yetu na mvua yetu isiyokatika, maana yule kijana alitupenda kweli. Shida ilikuwa hapo hapo. Alituogopea makosa mpaka tukakosa nafasi ya kuyafanya.

Siku ya wazazi, mama yangu alitoka kijijini Suma amevaa kitenge kipya. Nikampeleka kwenye kompyuta ya kwanza, nikamsomea: Habari, dunia.

"Nzuri, ndaga," akaitikia na kushukuru kwa Kinyakyusa, akiinama kidogo, maana kwetu salamu haiachwi hivi hivi.

Kompyuta ya pili ikamsalimu, akaitikia. Ya tatu. Ya nne. Jairo alikuwa nyuma yake akieleza tofauti za mabano kati ya lugha na lugha. Kompyuta zilipokwisha, mama akavuta kiti, akaketi, akaweka mikono mapajani na kusubiri. Wazazi wengine nao wakasubiri.

"Haya, mwalimu," akasema kwa upole. "Tumeshasalimiana vizuri. Sasa waambie hawa waliotusalimu waseme shida yao."

Jairo alifungua mdomo, na najua alichotaka kusema, kwa sababu wiki ile alikuwa amegundua lugha ya tano. Akaufunga. Mchungaji akatazama sakafu.

Jumatatu kwaya tulikuwa tumerudi chumbani kwetu, mimi nikiimba sauti ya pili. Katikati ya wimbo nikamwona Mwalimu Jairo mlangoni, mwavuli wake ukichuruzika maji. Tukanyamaza, tukamkaribisha ndani.

"Hapana, asanteni," akasema. "Nilikuwa napita tu, nikaona niwasalimu."