Jina Ambalo Veronika Hakulitamka

Swali lilikuwa jepesi: baba mkwe wako anaitwa nani? Veronika, mzaliwa wa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe ulio mpaka wa nchi, aliinamisha macho akanyamaza. Jina alilijua. Ila pande zote mbili za mto ule, mke hatamki jina la baba wa mumewe. Ofisa wa uhamiaji, aliyekuwa mgeni hapo Kyela, aliuliza mara tatu, kisha akaandika: "Hamjui mkwe wake. Ndoa ina shaka."

Ulikuwa mwaka 1998. Zamani watu walivuka Songwe kama wanavyovuka ua wa jirani. Sasa mke wa kigeni alitakiwa kuwa na kibali, na ndoa ya mahari ya ng'ombe haina cheti. Alipewa siku kumi na nne aithibitishe, au arudi kwao na kuwaacha watoto watatu na mumewe, Aliko, kijijini Mwaya.

"Ungelitaja tu, mara moja!" Aliko alifoka njiani.

"Miaka tisa sijalitaja. Nianze leo kwa ajili ya karatasi?"

"Karatasi hiyohiyo itakurudisha Karonga."

"Sirudi. Mlete mwenye jina."

Siku ya kumi na mbili Aliko alimpakia baba yake kwenye baiskeli. Veronika alikwishatangulia kwa miguu. Mzee alipoingia ofisini, mkwewe alichomoka mlango wa nyuma, kanga usoni, akasimama nje na kulipa dirisha mgongo.

"Umeona, mzee? Anakukimbia. Huyu ni mkweo kweli?" ofisa aliuliza.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Pangani."

"Haya. Hapa mkwe hanitazami usoni, wala jina langu halimtoki. Mimi ni Anyosisye. Ng'ombe wanne niliwavusha mwenyewe. Asingekuwa mkwe wangu, angenisalimia hapo mlangoni na kuniuliza habari za mpunga."

"Kweli, bosi," alidakia karani, mtu wa Bondeni, hapohapo Kyela. "Hata mama yangu yuko hivyo."

"Na siku ile si ulikuwepo?"

"Hukuniuliza, bosi."

Ofisa alikata sentensi yake kwa wino, akamwita Veronika atie sahihi. Mzee akatoka kwa mlango wa mbele, Veronika akaingia kwa ule wa nyuma. Kwenye fomu ilibaki nafasi moja tupu, ya jina la baba mkwe. Veronika aliisogeza fomu kwa ofisa.

"Hapo jaza wewe, baba. Umeshaambiwa."

Alingoja mpaka ofisa akamaliza, ndipo akashika kalamu.