Kamera Yangu na Mke Mwenzangu

Mume wangu alikufa Mohoro, nyumbani kwa mke mwenzangu, mimi nikiwa Kibiti nashona sare za shule. Nilipigiwa simu asubuhi. Nilipofika walikuwa wameshamwosha na kumkafini, wakanifunulia uso kidogo nikauona, kisha wakaufunika. Jeneza likatoka na wanaume, mimi nikabaki ndani na wanawake, katika nyumba ambayo sikuwahi kulala hata siku moja.

Alikuwa fundi seremala, mtu wa vitanda na milango. Miaka yote ya ndoa yetu alikwenda na kurudi baina ya nyumba zake mbili. Mke mkubwa alikaa Mohoro akilima mpunga, mimi nilikaa Kibiti na cherehani yangu. Sisi wawili tulijuana kwa salamu alizobeba yeye. Akirudi kwangu atasema, "Mwenzio anakusalimu," nami nitajibu, "Ahsante, ukienda msalimie naye." Basi, yakaishia hapo. Hatukugombana, lakini hatukuwahi kula sahani moja.

Baada ya mazishi kila mmoja alikaa eda nyumbani kwake. Yangu ilipokwisha nilirudi barazani kwenye cherehani, nikakuta mikono inashona na mimi mwenyewe sipo. Kilichoniuma zaidi, hata kuliko kifo chenyewe, ni kwamba kichwa chake kilipakatwa na mtu mwingine alipokuwa anakata roho, na mtu huyo sikuwa na njia ya kumuuliza lolote.

Halafu maji yakapanda. Watu wa Mohoro wanaujua mto, wamezoea kuuona ukitoka na kurudi, lakini msimu ule uliingia majumbani ukakaa. Nilisikia habari kwa wateja. Nilimfikiria mke mwenzangu, nikafikiri nimpigie simu, nikakumbuka kwamba namba yake sina. Ilikuwa kwenye simu ya marehemu.

Maji yalipopungua akaja mwenyewe. Nilikuwa nakata kitambaa, nikaona mwanamke mrefu amejifunga kanga mbili zilizochuja, amesimama juani kando ya baraza. Nilichelewa kumtambua. Nilikuwa nimemwona mara chache, na kila mara katika msiba au harusi.

"Shikamoo, dada. Karibu ndani," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu. Sikai."

Lakini alikaa. Nilimpa maji, akanywa, akaniambia nyumba imelala upande mmoja na vitu vyote vimekwenda. Alivitaja bila kulia: godoro, masufuria, mbegu za mpunga, kitanda alichochongewa na mume wetu siku za mwanzo kabisa. Kisha akasema lililomleta.

"Picha yake nilikuwa nayo moja tu. Nayo imekwenda. Nimeona aibu kuja, lakini sina pa kwenda pengine. Kama unayo, nitengenezee yangu."

Ninayo, nikamwambia. Ilikuwa ukutani. Tulipigwa sikukuu ya Idi katika studio ya jirani, yeye kavaa kanzu nyeupe, mkono wake umelala begani kwangu. Niliitungua, nikampeleka bi mkubwa mlango wa pili.

Mwenye studio ile ni mwanamke wa Singida, Mkristo, aliyefuata mume mwalimu na kubaki Kibiti hata baada ya ndoa kuvunjika. Anapiga picha za vitambulisho, za ndoa na za watoto wachanga. Aliichukua picha yetu, akaitazama na kutuangalia mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anamfahamu marehemu, hakuhitaji kuelezwa.

"Naweza kumtoa peke yake," akasema kwa upole. "Mama huyu nikamkata, akabaki baba."

Bi mkubwa akainama juu ya picha.

"Ukimkata huyu, na mkono wa mume wangu utakuwa umeukata," akasema. "Iache hivyo hivyo. Nitaitundika na mwenzangu ndani yake."

Hivyo ndivyo nakala ya picha yangu na mume wangu ilivyokwenda kutundikwa Mohoro, kwenye chumba cha binti yake, sehemu ya mwinuko alikohamia.

Siku zile nilikuwa namshonea mama wa studio mapazia ya kutundika nyuma ya watu anaowapiga picha, la bluu na la maua. Kwa kuwa nilikuwa naingia na kutoka, nilianza kumtazama anavyofanya kazi. Alikuwa amenunua kamera mpya, na ile ya zamani imekaa kabatini, kitufe chake kigumu. Nilipomaliza mapazia akaniuliza anilipe nini, nikaionyesha ile kamera kwa kidole. Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri. Mimi mwanamke wa makamo, mzaliwa wa kijiji cha Dimani, sijawahi kushika chombo kile, nikataka kamera.

Alicheka, lakini alinipa. Akanifundisha kwenye ngazi ya studio: mtu asisimame na jua mgongoni, uso utakuwa masizi, kitufe ukibonye nusu kwanza, kamera ipate kuona, ndipo ukimalizie, usivute pumzi. Picha zangu za kwanza zilikuwa za magauni niliyoshona, na hata magauni hayo, ambayo hayatembei, yalitoka yametikisika.

"Unashika kama unamshika kuku," akaniambia. "Viwiko vibane mbavuni."

Bi mkubwa alipata habari kwa simu, maana sasa namba yake nilikuwa nayo. Akasema, "Basi njoo upige kaburi. Maji yalifika pale, tuta limelala. Watoto walioko Dar wanauliza baba yao yuko vipi."

Nilikwenda na kamera ndani ya mfuko wa vitambaa. Kwetu wanawake hatuendi kuzika, lakini kuzuru baadaye tunakwenda. Tuta lilikuwa limebaki kama mkeka uliokunjuka vibaya, limefunikwa na udongo wa mto uliokauka na kupasuka. Bi mkubwa aliweka jiwe jipya upande wa kichwa. Nilipiga picha nyingi. Niliporudi Kibiti, mama wa studio akazifungua kwenye kompyuta, na zote zilikuwa nyeupe, mbingu na kaburi havitofautiani.

Nilimpigia bi mkubwa. "Zimeharibika zote, dada."

"Si utarudi?" akasema. "Kaburi haliondoki. Njoo Alhamisi, nitapika."

Nilirudi. Mara ile tulikwenda asubuhi mapema, jua lingali chini, na picha zikatoka. Kwa mara ya kwanza tulikula sahani moja, wali wa nazi na kambale. Baada ya hapo sikuhitaji tena sababu ya kaburi. Kazi ikipungua nilikwenda Mohoro, na tulitembea. Alinipeleka shambani kwake, tukapanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu hukaa kuamia ndege wasimalize mpunga. Yeye alipiga kelele na kurusha madongo, mimi nikijaribu kuwapata ndege wakiruka. Niliambulia majani na anga. Siku nyingine tulisimama pale nyumba yake ilipokuwa, akanionyesha mlango ulikuwa hapa, jiko hapa, kitanda hapa, nami nikapiga udongo mtupu kila alipoonyesha, kwa sababu yeye aliona vitu na sikutaka kumkatalia.

Nilimpa kamera na yeye ajaribu. Aliishika kwa utulivu wa mtu aliyezoea kubeba maji kichwani, na picha yake ya kwanza ilitoka safi kuliko zangu zote. Ilikuwa picha yangu, nimekaa kwenye gogo, najikuna mguu.

"Ifute hiyo," nikasema.

"Siifuti. Ndivyo ulivyo."

Tulizungumza sana habari za mume wetu. Kwake alikunywa chai ya sukari nyingi, kwangu alidai sukari inamdhuru. Kwake alikuwa msimuliaji, kwangu alikaa kimya akisikiliza redio. Bi mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu alipojua kwamba wimbo alioimbiwa yeye akibembelezwa, mimi sikuimbiwa hata mstari. Mimi nilicheka, kisha nikalia, naye akaniacha nilie.

Siku hiyo, juu ya dungu, nilimuuliza lile ambalo tangu msibani lilikuwa limenikaa kifuani. "Alisema nini mwishoni? Alinitaja?"

Alikaa akitazama mpunga. Angeweza kunipa uongo mzuri na ningeushukuru.

"Hakukutaja," akasema. "Na mimi hakunitaja. Aliomba maji. Nilipomletea alikuwa hawezi tena kumeza. Sikuongezei, mdogo wangu, ndivyo ilivyokuwa."

Iliniuma, lakini maumivu yalikuwa mengine, ya kitu kilichokwisha kufungwa. Tulibaki pale mpaka jua likawa kali, tukashuka.

Sikugundua kwamba anaumwa. Nilimwona anapungua, nikadhani ni shida za mafuriko na kulala kwa kubanana kwa binti yake. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, aliuficha chini ya kanga muda mrefu, hata binti hakujua. Ulipopasuka ndipo aliposema. Walimpeleka hospitali Dar, huko wakaambiwa amechelewa, watampunguzia maumivu tu. Binti ana watoto wadogo na shamba, na Mohoro ni mbali na dawa. Nikasema aje kwangu.

Majirani walishangaa. Mteja mmoja aliniuliza, akipunguza sauti, kama kweli ninamwogesha mke mwenzangu kwa mikono yangu. Nikamjibu, mikono mingine nitaitoa wapi? Mama wa studio aliingia kila jioni akiwa na uji au matunda, akakaa na mgonjwa nikimalizia nguo za watu.

Nilimlaza chumba cha mbele, kitanda kikitazama dirisha na baraza. Nilitaka kumpiga picha. Katika nilizokuwa nazo yeye alikuwa kwa mbali, ameinama shambani au amegeuka. Nilimwomba anitazame mara moja tu.

"Hapana," akasema. "Nimekwisha. Wajukuu wakiniona hivi watasahau nilivyokuwa. Nipe mimi kamera."

Nikampa. Kwa siku zake zilizobaki aliilaza juu ya mto, na akipata nguvu aliinyanyua na kupiga kilichokuwa mbele yake: mgongo wangu nikishona, kuku wakipita, mguu wa mteja, mama wa studio akimenya embe. Jioni tulizitazama pamoja kwenye kioo kidogo cha kamera, yeye akiniambia hii nzuri, hii mkono umetetemeka. Mwisho mkono ulitetemeka katika zote. Alizitazama hivyo hivyo, picha za ukungu mtupu, na kila moja alijua ni ya nini.

"Huyu ni wewe," alisema siku moja akionyesha doa la rangi ya kijani. "Unatafuta mkasi."

Alifariki baada ya sala ya alfajiri. Mimi ndiye niliyekuwa nimempakata. Nilimtamkia shahada sikioni, midomo yake ikacheza, sijui kama alifika mwisho. Gari lilimrudisha Mohoro siku ile ile, akazikwa ubavuni mwa mume wetu, na mimi nikakaa tena ndani na wanawake. Safari hii walinipisha kwenye mkeka wa wafiwa, karibu na binti yake. Binti aliniegemea na kuniita mama mdogo, tukakaa hivyo mpaka wanaume waliporudi.

Kamera sikuigusa kwa muda mrefu. Niliogopa kuifungua na niliogopa betri isije ikafa kabisa. Binti ndiye aliyeniomba picha za mama yake. Mama wa studio akazisafisha: yuko kwenye dungu, mkono umeinuliwa na dongo, yuko kaburini ameshika jiwe, yuko mbali kwenye tuta la shamba, mrefu, kanga inapepea. Uso hauonekani vizuri hata katika moja. Nilipompelekea nilimwomba radhi kwa hilo. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Tutamjua tu."

Mama wa studio hakuniacha nikae. Katika harusi za huku, upande wa wanawake hawataki mpiga picha mwanamume, na yeye peke yake hazimudu. Akaanza kunichukua. Mwanzoni nilishika taa tu, baadaye akaniachia vyumba vya ndani, ambako bibi harusi anapakwa hina na shangazi wanaimba. Nafanya kazi hiyo hadi sasa. Wakati mwingine picha inatoka nzuri na ninageuka nimwonyeshe mtu, halafu ninakumbuka kwamba ninayegeukia hayupo. Mama wa studio amejua. Nikigeuka vile, huwa anasogea na kuitazama.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Dimani, karibu na nilipozaliwa. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyekaa kwenye jamvi pembeni, aliniuliza habari zangu, kama nina mume. Nikasema amefariki. Akauliza kama nilikuwa peke yangu kwake.

"Nilikuwa na mwenzangu," nikamwambia.

"Pole," akasema, akidhani ninalalamikia uke wenza, akaanza kunisimulia wa kwake anavyomtesa. Sikumkatiza. Nilimsikiliza mpaka alipomaliza, nikamwomba asogee kidogo kuelekea mlangoni, kwenye mwanga.