Wivu wa Mageni, Mtu wa Nyoka

Mageni alikuwa mtu wa Bayeye, wale wanaocheza ngoma na nyoka, na kabla zahanati haijajengwa kijijini kwao, upande wa Tinde, kila aliyeumwa na nyoka aliletwa kwake. Alichanja, akapaka dawa, kisha akazungusha nyuzi za pamba mguuni, bila kubana, apate kuona kama uvimbe unapanda au unashuka. Wengi walipona. Waliopona walikuwa wakimpitia asubuhi kumwamkia, na salamu hizo alizipenda kuliko chakula.

Mwaka sabini na sita zahanati ikafunguliwa, akaja tabibu kijana, dresa, jina lake Damian, na sanduku lake la sindano. Kwanza watu walimwendea kwa homa. Mageni akasema haya, homa si kazi yangu. Kisha wakamwendea kwa majipu, halafu kwa nge. Mageni akawa anakaa nje akichonga mpini wa jembe, mpini ule ule mmoja mwezi mzima, kusudi aone nani anapita kwenda zahanati. Akipita mtu ambaye yeye Mageni alipata kumponya, moyo ulimwasha kama amemeza pilipili.

"Nenda ukachomwe," alisema polepole. "Matako ni yako, si yangu."

Basi msimu wa kuvuna pamba, mkewe Mbuke akakanyaga kifutu shambani, akaumwa mguu. Mageni alimwona nyoka mwenyewe, mnene, mfupi, amejilaza kama kipande cha gogo. Akambeba mkewe mgongoni hadi nyumbani, akachanja, akapaka, akazungusha nyuzi. Na ukweli usemwe: ndani ya hofu yake mlikuwa na furaha kidogo. Sasa kijiji kitaona nani ni nani.

Mguu ulivimba hadi pajani, ngozi ikang'aa. Siku ya tatu uzi wa kifundoni ukalegea. Mageni akatoka uani, akatangaza kwa sauti ya ngomani, "Imeshuka! Sumu imeshuka!" Hakutaka kuona kwamba Mbuke hawezi tena kulala chali, na kwamba neno moja analivuta mara tatu.

Aliyeona ni Epifania, mdogo wake Mbuke.

"Shemeji, dada hana pumzi. Tumpeleke kwa Damian."

"Nyoka kamuuma mguu. Kifua kinahusu nini?"

"Midomo yake imekuwa kama majivu!"

"Aliyepakwa dawa ya Bayeye hachomwi sindano. Mwiko unaujua."

"Mwiko naujua, shemeji. Na wivu naujua."

Akatoka mbio. Punde Damian akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepotea? Zahanati iko kule."

"Naomba ruhusa nimsikilize mama kifua. Sindano sijabeba."

Mbuke alipomwona dresa akajaribu kutabasamu. Mageni alikuwa amemuuguza siku tatu, akamnywesha uji kwa mkono wake, na tabasamu hakupata hata moja. Angemfukuza kijana yule pale pale, ila Mbuke alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka.

Damian akaweka kipimo cha kusikilizia mgongoni kwa mama, akasikiliza. Kisha akavua vile vya masikioni, akamvalisha mzee.

"Sikia mwenyewe."

Mageni akasikia kitu kinapasukapasuka mle ndani, kama chumvi iliyotupwa motoni.

"Nini hicho?"

"Maji, baba. Sumu ya kifutu haikai mguuni. Inaingia kwenye damu, na mwili unawaka kupigana nayo. Ule uvimbe ndiyo vita yenyewe. Vita ikizidi inaenea mwili mzima, na vimishipa vya mapafu vinavuja. Mguu waweza kupungua huku kifua kinajaa. Hapa sina dawa yake. Shinyanga wanayo, na hewa ya mtungi wanayo. Lori la pamba linataka kuondoka."

"Na nikikataa?"

"Atakufa maji, baba. Atakufa maji akiwa nchi kavu."

Mwiko ule ulikuwa na mlango mmoja tu: mtu wa nyoka auoshe mguu yeye mwenyewe, mbele ya watu, aseme kwamba mkono wake umeishia hapo. Mageni alikuwa hajapata kufanya hivyo kwa mtu yeyote. Wakamchukua Mbuke hadi penye mizani ya pamba, liliposimama lori, kijiji kizima kikiwa pale. Damian alipoleta ndoo, Mageni akamnyang'anya.

"Hii niachie."

Akapiga magoti, akaosha dawa yake yote. "Mkono wangu umeishia hapa," akasema. Waliokuwa nyuma wakasema hawakusikia. Akarudia.

Mbuke alikwenda Shinyanga ameegemezwa kwenye magunia, amekaa wima, Damian akimshikilia. Mageni aliukodolea macho ule mkono wa kijana begani kwa mkewe mpaka vumbi likaufunika.

Baada ya wiki mbili Mbuke akarudi anatembea. Cha kwanza, hata mzigo hajatua, akauliza, "Damian yuko? Nikamshukuru."

"Yuko. Ataenda wapi," Mageni akajibu, akaingia ndani.

Mvua za kwanza, jirani yao aitwaye Januari akaumwa na kifutu akilima. Wakamleta kwa Mageni kwa mazoea. Hakuchanja. Akainama, akaweka sikio mgongoni kwa Januari, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mbebeni, twende kwa yule," akasema kwa uchungu.

Njiani akawapita wote, akafika zahanati wa kwanza akihema.

"Ni kifutu," akamwambia Damian. "Kifua bado kikavu. Nimesikia mimi kabla yako."