Siku Nilicheza Juu ya Kichwa ya Batu

Municheke tu, ju mi mwenyewe nimeisha kujicheka, na hapa Dilala, mu Kolwezi, ata batoto ba masomo bananionyesha kidole, banasema njo ule Kambo, ule bibi muzee, alinunua shimo.

Mi ni mama ya kuuza maharagi ku soko, masomo sikufika mbali, na batoto yangu yote nililea mu nyumba ya kupanga. Nilitaka kintu moja tu mbele ya kufa: lupango yetu, kiwanja yetu wenyewe, fasi bajukulu batakimbia bila mwenye nyumba kubafukuza. Njo nikakutana na Tata Odilon, komisionere, mutu ya kutafutia batu malupango. Huyu tata alivaa viatu ya kungara! Na ilikuwa kiangazi, Kolwezi munaijua, vumbi inaingia mpaka mu chungu ya sombe. Nikasema mu roho, mutu anatembea hapa bila kuchafuka, huyu ni mutu mukubwa.

Jirani yangu Mama Kapinga aliniambia niende kwanza kwa chef de quartier, mukubwa ya mutaa, niulize na batu banaishi pembeni ya ile lupango. Mi nikakatala (kichwa yangu ni nguvu sawa jiwe), niliogopa batasikia bivu, batainunua mbele yangu. Nikamupatia Odilon nusu ya feza. Nusu ingine nikaifunga mu kikwembe, nitamupa siku ya maombi, ju kwetu hauingie mu lupango mupya bila kanisa kuimba na kukanyaga udongo.

Ile siku chorale yote ikakuja na ngoma. Odilon akabakia ku barabara. Nikamuita aingie tumuombee naye, akasema, "Mama, niko muzuri hapa." Nikaona ni heshima. Nikamukamata mukono, nikamuingiza.

Mi kwa kupiga miguu hakuna mama ya Dilala ananiweza, ulizeni. Wimbo ikapanda, nami nikapanda nayo, mara udongo ikafanya fuuu, nikazama mpaka kiuno! Matako yangu njo iliniokoa, ilikatala kupita. Na pale chini, sauti ya mwanaume ikasema pole pole:

"Mama, mucheze kidogo kidogo, udongo inatuangukia ku kichwa."

Chorale ikaachilia ngoma chini. Bengine bakakimbia, banasema ni shetani. Kumbe ni ba creuseur, bachimbaji ba cobalt. Bakatokea mu shimo ya lupango ya pembeni, bekundu na vumbi, taa ku kipaji, bakanivuta sawa muhogo. Mukubwa yabo akanieleza: malupango yote mbili ni ya tata mumoja, njo alibapa ruhusa ya kuchimba, na hakuuzishaka kwa mutu.

Odilon kusikia vile, akaanza kukimbia. Lakini ile viatu ya kungara chini yake iliteleza, akaanguka, na Mama Kapinga akamuikalia (naye si mutu mudogo). Chef de quartier akafika, akamuuliza, "Lupango unauzisha, shimo iliko chini hauijui?" Akajibu mbele ya mi kumuvuta leo, hakuyaka kufika mule ata siku moja, aliionaka tu toka ku barabara.

Njo pale nilielewa ile viatu. Haikuwa bukubwa. Ni mutu asiyekanyagaka fasi anauzisha.

Mama Kapinga hakusimama mpaka ndugu ya Odilon alileta nusu yangu. Odilon akaenda nyumbani na vumbi mpaka mu masikio.

Leo niko na lupango yangu ingine, ya kweli, bajukulu banakimbia mule mpaka bananichokesha. Siku ya kuinunua chef de quartier alikuwa, majirani balikuwa, na mwenye kuniuzisha viatu yake ilikuwa nyekundu kabisa, niliangalia mbele ya kumusalimia. Siku ya maombi chorale ikasimama ku mulango, ikakatala kuanza.

"Kambo," Mama Kapinga akasema, "tangulia wewe. Uruke kwanza, sisi tutaangalia."

Nikaruka. Udongo ikanishika.