Lipu ya Faraghani

Baba akifika kwenye lipu ya mwisho ya tangi, aliwatoa watu wote nje. Wachanganya saruji, wabeba mchanga, hata yule aliyekuwa amemshikia ngazi tangu asubuhi, wote waliambiwa wakae mbali. Kisha baba akavuta turubai juu ya mdomo wa tangi na kubaki humo ndani peke yake, na sie nje tukawa tunanong'ona kama watu walioko kwenye uzio wa msikiti wakati wa hotuba. Alipotoka, magoti yake yalikuwa meupe na uso wake umefungwa. Hakuna aliyethubutu kumuuliza lolote. Mie nilikuwa nikiupenda sana ukimya ule. Niliamini kwamba ndani ya kichwa cha baba kuna chumba ambacho watu wengine hawana, na kwamba siku moja, kwa kuwa mie ni mwanawe, nitafunguliwa mlango.

Ufundi aliupata Lindi, kwa mwashi mmoja mzee aliyesifika pwani nzima kwa matangi yasiyovuja. Mzee yule naye aliwatoa watu nje. Baba alimtumikia tangu ujana wake mpaka mzee alipofariki, ndipo akaja Dar es Salaam na mwiko wake mmoja na desturi ile.

Tulikaa Tandika. Wakati huo kila mtaa ulikuwa na jambo lake la kujitolea, na sie tulikuwa na ushirika wa ujenzi. Mama alikuwa mwanachama, baba alikuwa fundi mkuu, na kazi kubwa ya ushirika ilikuwa zahanati. Kuta zilisimama vizuri, bati likapigwa, mifereji ikafungwa kuteremsha maji ya mvua kwenye tangi kubwa la matofali nyuma ya jengo. Tangi ndilo lililotushinda. Lilivuja. Baba akasema mtu fulani aliingia ndani lipu ikiwa bado mbichi, na watu wakakubali, wakaanza kutazamana kwa mashaka wao kwa wao. Likabanduliwa, likapigwa lipu upya, watu wakatolewa nje upya, na baada ya wiki chache majani yakaota mabichi kabisa kuzunguka msingi, wakati uwanja mzima ulikuwa umekauka kwa jua.

Saruji ilikuwa ya kibali. Kuipata kutoka kiwanda cha Wazo ilikuwa kazi ya kupanga foleni ofisi hii na ile, na mwenyekiti wetu, mtu mpole aliyewahi kuwa karani bandarini, ndiye aliyekuwa akipanga foleni hizo. Alikuja nyumbani Ijumaa moja baada ya sala, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai.

"Fundi," alisema, "tumekaa kikao. Ujuzi wako tunautaka uwe wa ushirika. Uufundishe, wote tuujue."

"Ujuzi si ubwabwa, Ndugu Mwenyekiti, niupakue kwenye sinia."

"Ukifa leo tutabaki na nini?"

"Mtabaki na tangi."

"Linavuja, Fundi."

Mwenyekiti akainamisha kichwa, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa, akasema lililokuwa limebaki: wanachama wamechoka, na kama baba hatafundisha, kazi itapewa mtu mwingine. Nilimwona baba akitazama mikono yake. Ufundi mkuu ndio uliokuwa jina lake pale mtaani. Hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Fundi, hata imamu.

"Atafundisha," mama akajibu kutoka jikoni.

Nilikuwa likizo ya shule, na jioni niliwasaidia watu wazima kusoma na kuandika kwenye darasa la kisomo, lililokuwa likifanyika humo humo kwenye zahanati isiyokwisha kujengwa. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba baba atasema, na mie nitaandika ubaoni, ili wanachama wanakili. Nilifurahi mno. Nilivaa gauni langu la Idi. Nilidhani nimeitwa kwenye kile chumba, na kwamba mtaa mzima utaingia nyuma yangu.

Jua lilikuwa bado liko juu tulipoanza. Watu walijaa wakakalia matofali. Baba alisimama kando ya ubao na kofia yake mkononi, akaanza, na mwanzo ulikuwa mzuri. Mchanga uwe wa mtoni, usiwe wa baharini. Uchekechwe. Saruji isikae na maji muda mrefu kabla ya kutumika. Lipu ya kwanza ikwaruzwe kabla haijakauka ili ya pili ipate pa kushika. Nikaandika, na nyuma yangu nilisikia penseli zikikwaruza na watu wakirudia silabi kwa midomo. Sauti ya baba ikazidi kupata nguvu. Akaeleza namna ya kuviringa pembe za chini ili maji yasipate pa kujificha. Akaeleza niru, ile saruji tupu inayosuguliwa juu kabisa mpaka ukuta ung'ae.

"Halafu," akasema, "watu watoke nje."

Wakacheka wote. Baba hakucheka. "Andika," akaniambia.

Nikaandika: Watu watoke nje.

"Haya, tumeshatoka," mwenyekiti akasema kwa upole. "Halafu?"

"Halafu nafunika."

"Halafu?"

"Halafu nakaa."

Chaki yangu ikasimama.

Baba ni Mngindo, na pale kwenye ushirika alikuwa na mtani wake, mama mmoja wa Kingoni aliyekuwa akibeba mchanga na ambaye hakuwahi kumpita bila kumchokoza. Akainuka sasa, kanga kiunoni. "Unakaa? Mngindo weye, unaatamia? Ndiyo maana tangi halishiki, mayai viza!"

Watu wakaangua kicheko, wengine wakapigapiga matofali kwa viganja. Hata mie nilitabasamu, kwa sababu nilijua zamu ya baba inakuja, na baba kwa utani hakuwa na mpinzani. Nilisubiri. Alifungua mdomo. Kofia ilikuwa ikizunguka mikononi mwake.

"Baba," nikasema, chaki ikiwa bado ubaoni, "ukishakaa, unafanya nini? Niandike nini?"

"Sijui," akasema. "Mzee alikuwa akitutoa nje. Sikuwahi kuona. Mie nami nawatoa nje."

Nilimtazama yule mama wa Kingoni. Nilimwomba kimoyomoyo aseme kitu, tusi lolote lile, kwa sababu utani ungelifunika jambo lile na tungelirudi nyumbani tukicheka. Alikaa chini. Akajifunga upya kanga yake taratibu, akatazama miguu yake. Mtani wako akikuhurumia mbele ya watu, hakuna nguo iliyobaki mwilini mwako. Nilihisi uso unaniungua mpaka masikioni. Gauni langu la Idi, lenye maua makubwa, lilikuwa likimeremeta kuliko kitu kingine chochote mle ndani, na sikuwa na pa kulificha.

Mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini nani anaona kazi ipewe uongozi mwingine. Mikono ikapanda mmoja mmoja, kwa aibu, kama ya watoto wasio na uhakika na jibu. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha. Mkono wake ulichelewa, lakini ulipanda. Baba aliuona. Kisha naye akainua wa kwake.

Tuliondoka bila kuongozana. Nyumbani, mama alimwekea chakula, akamnawisha. Mie sikuweza kumtazama baba machoni. Nilikuwa nikiona aibu kwa jambo lile lile nililompendea zaidi, na aibu ya namna hiyo haina mtu wa kumlaumu.

Siku iliyofuata mwenyekiti alikwenda Ubungo, ambako ushirika mwingine ulikuwa ukijenga matangi. Alirudi kabla ya adhuhuri akiwa kama mtu aliyepoteza kitu. Fundi wa kule alimjibu akiwa juu ya jukwaa, bila hata kuacha kazi: lipu ikishakamilika, funikeni kwa magunia na mmwagilie maji asubuhi na jioni, isikauke haraka. Basi. Ikikauka haraka inapasuka. Ndipo watu wakakumbuka kwamba matangi ya baba yaliyopigwa lipu wakati wa masika yalikuwa yakishika, na yale ya kiangazi yakivuja. Hata baba mwenyewe hakuwahi kuyaweka kando kwa kando akayaona hivyo.

Lipu ilipopigwa tena, turubai likiwa limefunuliwa na watu wakichungulia ndani, baba alipewa kazi ya kumwagilia. Asubuhi ya kwanza mama alinituma nimpelekee uji. Alikuwa ndani ya tangi na kopo na ndoo, akiyalowanisha magunia kwa utaratibu mkubwa, akianzia juu.

"Maji," aliniambia bila salamu. "Miaka yote ile nilimtekea mzee maji. Naiweka ndoo pale mdomoni mwa tangi, ananiambia toka. Nilidhani ya kutawadhia."

Alimwaga kopo jingine, akayatazama yakiteremka.

"Aliniona mtu wa namna gani? Angenificha saruji, sawa. Kanificha maji."

Nilimwekea uji juu ya ukingo. Wanawake wa mtaa walikuwa wakipita na ndoo zao wakielekea bombani, wakachungulia wakamwamkia, shikamoo mzee, na baba akaitikia marahaba, marahaba, kila mmoja kwa zamu yake, akiwa amegeukia ukutani.