Skrubu ambayo Mama Kabureta hakutaka kuigusa

Mchana ule wa joto, fundi wa magari ya rimoti alizima injini, akaliweka gari lake juu ya benchi, akamwambia mkewe anakwenda kunawa mikono. Hakufika bombani; alianguka njiani. Majirani walimbeba hadi kwenye teksi. Mkewe alirudi ndani mbio kuchukua kitambulisho cha mumewe, na katika kupapasa juu ya benchi kiganja chake kikagusa injini. Ilikuwa bado ya moto.

Mume hakurudi kutoka hospitali.

Leo ni asubuhi ya baridi. Mwanamke huyo amekaa kwenye stuli ya mumewe, nyuma ya shata ya mlango iliyopandishwa nusu, na mbele yake kuna lori dogo lisilofika urefu wa mkono. Halitumii betri kukimbia. Lina injini ya kweli, ndogo kama limau, inayokunywa mafuta maalumu ya spiriti, nitro na oili. Chumba kizima kina harufu tamu kidogo, kama pipi iliyoungua.

Anawasha. Injini inapiga kelele za nyuki waliochokozwa. Anaubana kwa vidole mpira mwembamba unaopeleka mafuta kwenye kabureta, kifaa kinachoyachanganya na hewa, kisha anainamisha kichwa na kusikiliza sauti inavyobadilika kabla ya injini kuzima.

"Ikizima haraka hivi, inakunywa kidogo mno," anasema. "Ikichelewa sana, imelewa. Tunataka iwe katikati."

Watu wa mtaa huu wanamwita Mama Kabureta. Jina alilirithi. Mumewe ndiye aliyekuwa Kabureta, na kwa miaka mingi yeye aliuza vipuri tu pale mlangoni. Lakini kila mumewe alipomaliza kurekebisha gari la mteja, alimwita aje asikilize.

"Nilikuwa namwambia, mimi hivi vigari vyenu vinanipigia kelele tu. Anacheka. Anasema ndiyo maana nakuita, nataka sikio lisilolipenda gari. Anayelipenda husikia anachotaka kusikia."

Ni jambo la kushangaza kwa mgeni wa kazi hii, lakini injini hizi hupendeza zaidi pale zinapokaribia kufa. Mafuta yakipungua na hewa ikazidi, sauti inakuwa kali na safi, gari linaruka kama limetumwa, watazamaji wanapiga makofi. Ndani, oili haitoshi, chuma kinasuguana na chuma. Injini yenye afya hutoa moshi mweupe kidogo na sauti nzito isiyomfurahisha mtu.

Kinachoamua ni skrubu moja ndogo juu ya kabureta. Ukiilegeza, mafuta yanaongezeka. Ukiikaza, yanapungua. Kuizungusha kiasi cha saa moja tu kwenye uso wa saa kunatosha kubadilisha kila kitu.

Kinyozi wa mlango wa tatu anaingia na gari lake kwapani. Hajakaa sawasawa ameshaanza.

"Mama Kabureta, leo nifungie eksozi kubwa. Nataka liwe na sauti."

"Sauti ya kukimbia au ya kulia?"

"Aa, usinianze."

"Chujio la hewa ulilipaka oili lini?"

Kinyozi anatazama dari.

"Basi utaanza na chujio. Halafu mpira wa mafuta, huo umekakamaa kama tambi mbichi. Halafu plagi. Halafu kile kidude cha kufunga breki rimoti ikipoteza mawimbi. Au umesahau juzi lilivyokimbilia mtaroni, wewe unabonyeza tu kama mtu anayepiga simu isiyopokelewa?"

"Na eksozi?"

"Eksozi itakuja. Haiozi."

Kinyozi anacheka, anaacha gari, anaondoka. Ndivyo kazi ilivyoendelea baada ya msiba. Wateja walikuja kwanza kumpa pole, wakakuta anajua, wakarudi na magari. Wiki nzuri hupokea sita au saba. Haimtajirishi, lakini kodi ya chumba inalipika.

Magari ya watu aliyafungua bila hofu. Lililomshinda lilikuwa moja tu, lile la mumewe. Alilifuta vumbi, akalipandisha rafu ya juu, na hakukubali mtu aliguse.

"Ile skrubu aliigusa dakika chache kabla hajaanguka," anasema. "Nguo zake niligawa. Viatu nikampa shemeji. Nikajiambia ile ibaki pale pale alipoiacha."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ni dereva wa malori makubwa na si mtu wa kupima maneno. Anakumbuka walivyobishana.

"Nilimwambia, shemeji, hiyo ni skrubu, si kaburi. Akaniambia nikalegeze za lori langu. Nikaenda zangu. Ungefanyaje?"

Mambo yalibadilika pale binti yake, anayefanya kazi duka la dawa, alipoomba kuliendesha gari la baba yake kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ghala, ambako wapenzi wa magari haya hukutana Jumapili. Mama alikubali kwa sharti moja. Wasibadilishe kitu.

Joto lilikuwa limeshapita. Asubuhi hiyo watu walikuja na makoti. Hewa ya baridi ni nzito, na injini iliyopimwa kwenye joto ikivuta hewa hiyo huhitaji mafuta zaidi. Mama Kabureta alilijua hilo. Alimwambia kila mteja. Kwa gari hili alijifanya hajui.

Gari likaondoka. Lilipita sehemu ya kwanza iliyonyooka kwa sauti kali kama filimbi, na watu wakapiga kelele za furaha. "Kabureta amerudi!" mmoja akasema.

"Zima!" alipaza sauti Mama Kabureta. "Mwanangu, lizime!"

Alidondosha tone la maji juu ya injini. Halikuchemka. Lilitoweka papo hapo, tss, kama halikuwahi kuwapo. Akauchovya mpira wa mafuta kwenye kikombe cha maji na kuupuliza, akitumaini umetoboka na kosa liwe la mpira. Hakuna povu lililotoka. Mpira ulikuwa mzima.

Ilibaki skrubu.

"Nikasema basi, tulirudishe kwenye rafu. Likae tu," anasimulia. "Binti yangu akaniambia, mama, baba asubuhi ya leo angekuwa ameshaizungusha. Hakuwahi kuiacha hapo siku mbili."

Alikaa kwenye tairi la pembeni muda mrefu. Watu wakajifanya wanashughulika na magari yao.

Kisha akamwomba binti yake rangi ya kucha iliyokuwa kwenye mkoba. Akaweka nukta nyekundu kwenye kabureta, sambamba kabisa na mfereji wa skrubu, ili ajue siku zote ilikuwa wapi. Akasubiri ikauke. Akashika bisibisi, akalegeza kidogo sana. Gari likawashwa, likatoa moshi mweupe, likazunguka uwanja kwa ile sauti nzito isiyopigiwa makofi. Tone la pili la maji lilichemka taratibu, kama linavyotakiwa.

Nukta haikumaliza wiki. Mafuta ya nitro hula rangi, na kila fundi wa magari haya analijua hilo kabla ya jambo lingine lolote.

"Nilijua wakati naipaka," anasema, akipangusa bisibisi kwa kitambaa. "Nilijua kabisa. Nikaipaka. Nilipokuta imeyeyuka nilitafuta alama yake hata kwa kioo cha kukuza. Hakuna. Nikalia, nikanawa uso, kinyozi akaja kuuliza habari za eksozi."

Sasa anataka kupata chumba cha pili, afundishe wanawake wengine kazi hii. Wawili wameshamuuliza. Mmoja anashona viatu. Anasema anayo mikono ila sikio hajui kama analo. "Sikio linafundishika," alimjibu. "La kwangu lilifundishwa kwa lazima."

Skrubu inazungushwa kila Jumapili asubuhi, kulingana na hewa iliyopo. Binti ameliandikisha gari kwenye mashindano ya mwezi ujao, na kwa ajili hiyo klachi iliyokwisha imetolewa na mpya imefungwa. Ni kifaa cha kwanza ndani ya gari hilo ambacho mumewe hakuwahi kukishika.