Bafu Lisilo na Kuta

Wageni wakifika kwangu hushangaa kuona mabafu mawili uani, na nyumba hii tunaishi watu wawili tu, mimi na mume wangu. Huwa nawaambia ni kujitanua kwangu, wanacheka, tunaendelea na chai. Ukweli wake ni habari ndefu, na mimi si mwepesi wa kujieleza.

Ilianza nilipotoka Mofu kwenda chuo cha misheni cha walimu wa kike, nje kidogo ya Ifakara. Miaka hiyo ya hamsini, msichana wa bondeni kupata chuo lilikuwa jambo la kutangazwa kanisani. Baba alinipeleka kwa mtumbwi, mimi na sanduku langu la bati, na njia nzima hakusema kitu ila kunikumbusha nisimwaibishe. Nilikuwa nimekwisha kuposwa. Walioniposa, watu wa Kisawasawa, walikubali nisome kwanza, na baba aliona hiyo ni heshima kubwa ambayo sisi tungeirudisha kwa adabu.

Siku ya kwanza Sista aliyetusimamia alitupanga mstari akatuambia tuchague pa kulala. Nyumba ya zamani ilikuwa bweni moja refu la udongo na nyasi, vitanda vimebanana, popo juu. Lakini nyuma yake kulikuwa na vibanda vya matete vya kuogea, kila mtu anaingia na ndoo yake na kushusha gunia la mlangoni. Nyumba mpya ilikuwa ya saruji na bati, vyumba vya watu wawili wawili, na katika kila chumba, chini ya dirisha, meza. Bafu lake lilikuwa chumba kimoja kikubwa. Mabomba sita yalitokeza juu ukutani, na kati ya bomba na bomba hapakuwa na kitu.

Nilichagua meza. Sikuwa nimewahi kuwa na meza. Hesabu zilinisumbua tangu shule ya kati, na niliamini kabisa kwamba zinanishinda kwa sababu nazifanyia magotini. Rafiki yangu, msichana wa Uchindile niliyesoma naye, alisema kuoga wasichana pamoja kuna ubaya gani, mtoni si tunaoga wote? Nikaandikisha jina, naye akaandikisha lake chini ya langu.

Jioni ile, natandika kitanda, rafiki yangu akaja kunieleza kwamba chumba cha mwisho amepewa dada mmoja wa Kisawasawa. Nikachungulia. Nikapiga magoti pale pale mlangoni na kujifunika uso kwa kanga. Alikuwa mama mdogo wa mchumba wangu, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba naye amepata nafasi. Alinizidi labda miaka mitatu, bado ana mashavu ya kitoto, lakini kwetu mama mdogo ni mama, na mama wa mchumba ni mkwe. Mkwe humtazami usoni. Huli naye sahani moja, na mkikutana njiani unakaa pembeni apite. Kuoga naye hata hakukuwa kumekatazwa, maana hakuna aliyewahi kuwaza kwamba kuna mtu angehitaji kukatazwa. Ikitokea mmeonana uchi, hata kwa bahati mbaya, wazee wa pande zote lazima waambiwe, na mara nyingi posa huishia hapo.

Asubuhi nilikwenda kwa Sista kumwomba nihamie nyumba ya zamani. Akasema kule vitanda vimejaa. Nikamwomba basi nikaoge kwenye vibanda. Akasema vibanda ni vya watu wa kule, na aliyechagua nyumba mpya amechagua na bomba lake. Ndipo nikamweleza habari ya mkwe, kwa Kiswahili changu chote. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia, kisha akanishika bega.

"Mwanangu, hapa hakuna mkwe," alisema. "Hapa wote ni dada."

Nilimshukuru nikatoka.

Tangi la maji lilijazwa kwa mkono, kwa hiyo mabomba yalifunguliwa nusu saa tu jioni, wote tuoge kwa pamoja. Mimi na mkwe tusingeweza kupangiana zamu, kwa kuwa kupanga ni kuzungumza, na hayo si mazungumzo ya mtu na mkwewe. Kumtuma rafiki yangu kungekuwa aibu ile ile kwa mdomo wa mwingine. Basi nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Nikisikia kikohozi chake kinaelekea bafuni, nabaki. Akisikia changu, anabaki yeye. Siku nyingine tulikohoa wote, tukarudi wote, na maji yakafungwa. Tulinuka kama kambale wa jana, wote wawili, kwa ajili ya adabu. Sasa nacheka. Wakati ule nililia hadi kichwa kikauma, nimekaa mbele ya meza ambayo nyumba nzima ilinitania jinsi nilivyoifuta kila asubuhi.

Kisha upele ukaingia chuoni. Sista akatangaza kwamba Jumamosi nyumba mpya yote itaoga kwa sabuni ya dawa mbele yake, na atakayekosa atarudi kwao. Niliwaza kujifanya mgonjwa, lakini wagonjwa ndio wangeogeshwa kwanza. Niliwaza kutoroka, nikamkumbuka baba na mtumbwi wake. Nikiingia bafuni, posa inavunjika na baba anaaibika. Nisipoingia, chuo kimekwisha. Kila nilikogeuka niligonga ukuta, isipokuwa mahali pamoja tu nilipouhitaji.

Jumamosi nikajipanga na wenzangu, kanga kifuani, macho chini, nikitazama miguu. Ya mkwe niliijua kwa kovu la jembe kwenye kidole gumba. Haikuwapo. Nikaoga. Niliporudi, rafiki yangu aliniambia chumba cha mwisho ni kitupu. Asubuhi ile mkwe alikuwa amemwendea Sista na sanduku kichwani, akasema masomo yamemshinda, anarudi Kisawasawa kulima mpunga.

Hayakuwa yamemshinda. Kwa hesabu, darasa zima lilikuwa nyuma yake.

Mimi nilifurahi. Hilo ndilo ninaloona haya kulisema: nilifurahi siku nzima. Uchungu ulikuja baadaye, nilipopewa cheti, nilipoolewa, na kila nilipomwona misibani na viganja vyake vya jembe. Nilitaka kumshukuru na sikuwa na njia, maana kulitaja jambo lile tu kungekuwa kumvua nguo aliyokataa kuivua. Kwa hiyo nilipiga magoti nikasema shikamoo, naye akaitikia marahaba akitazama kando, miaka na miaka.

Tulipojenga nyumba hii nilimwomba mume wangu bafu la pili, la matofali, lenye mlango wa mbao. Hakuniuliza. Siku moja mama yake mdogo alikuja kututembelea, amechoka na njia. Alipoingia bafuni nikamwekea ndoo ya maji ya moto mlangoni, nikakohoa, nikaondoka. Sikuwa nimefika mbali niliposikia sauti yake nyuma ya matofali.

"Ile meza," alisema. "Uliitumia?"

Nilisimama, nimeligeuzia bafu mgongo. "Niliitumia, mama," nikasema.

Maji yakaanza kumwagika. Nilikuwa na maneno ya miaka thelathini mdomoni, na safari hii ukuta ulikuwapo, wa kutosha kabisa kuyasemea. Nikaenda jikoni kuangalia wali.